Ua la Uani

Ua wangu una upana wa mikeka mitatu:
mmoja wa kamba za nguo, mmoja wa kisima,
na wa tatu ule ulionyang'anywa jua.

Zamani lilishuka saa nne,
likakaa hadi adhuhuri kama mgeni asiyejua kuaga.
Kisha Mahfudhi akapandisha nyumba:
ghorofa ya pili, ya tatu, ya nne,
na juu ya ya nne, tangi.
Hapa Kibokoni mtu akipiga chafya jirani humwombea rehema,
basi fikiria kuta zilivyokaribiana.
Mwasumini ukanyong'onyea.
Mrihani ukarefusha shingo kutafuta mwanga, ukaanguka.
Mwaridi ndio ulionitia simanzi:
ulitoa tumba moja, ukalishika, ukalishika,
haukulifungua.
Nikabaki na ua wenyewe, ua lenyewe sina.

Juu ya hayo, mashine yake ya baridi.
Mgongo wake umetokeza kwangu, unatona.
Tone. Kimya. Tone.
Nikamwandikia barua. Nikamwandikia ya pili,
yenye neno "haki" mara tano.

Umazi, auzaye miche kandokando ya barabara ya Bamburi,
alinicheka.
"Kivuli unacho, na unalia?
Mimi nanunua neti ili nikipate."
Akafukua guniani kizizi kinene, ndugu wa tangawizi,
kina jicho moja jekundu.
"Vitabuni ni helikonia.
Mimi nauita mgomba usiolisha."
Alitaka mia tatu. Nilimpa mia mbili na hamsini
na kisa cha mwaridi wangu.

Nilichimba kwa mtaimbo.
Chini ya udongo chokaa, chini ya chokaa vigae,
na miba ya samaki walioliwa kabla sijazaliwa.
Nikajaza samadi, makumbi ya nazi, majani makavu.
Thureya akachungulia kutoka jikoni:
"Kaburi la nani hilo?"

Mwaka wa kwanza niliunywesha maji ya kisima,
kisima chetu, kinachokoleza mchuzi bila chumvi.
Majani yakaungua kingo kama barua iliyochelewa kuokolewa motoni.
Yote, ila ya upande mmoja.
Upande ule yaling'aa, mapana, mabichi,
na juu yake: tone. Kimya. Tone.
Nikakinga kidole, nikaonja.
Maji matamu. Bure. Kutoka kwa adui.

Nikatega ndoo.
Siku za kawaida hujaa moja,
Ramadhani mbili, maana wale hulala mchana.

Mwaka wa pili majani yalinipita kimo,
yakawa yanazipiga makofi shuka za Thureya.
Ua, hakuna.
"Umelea mwanasesere," akasema.

Mwaka wa tatu, baada ya masika,
kitu chekundu kikachomoza katikati ya shina,
kikainama, kikaanza kushuka,
gando juu ya gando, kama la kamba-mwamba,
kila moja limepigwa ukingo wa kijani.
Nilihesabu kumi na tatu.
Thureya alihesabu kumi na nne, na hatujapatana hadi leo.

Wiki hiyo hiyo mlango ukabishwa.
Mahfudhi, na fundi, na bomba begani mwa fundi.
"Samahani sana. Nimeona barua zako.
Nimekuja kulikomesha lile tone."
Nikasimama kizingitini, mikono miwili kwenye miimo.
"Barua gani?"

Umazi aliniambia: shina lililochanua halichanui tena,
likate chini kabisa.
Nilishika kisu asubuhi nzima.
Nina miaka sabini na moja, haya mambo si ya kuharakisha.
Mwishowe Thureya akaninyang'anya, akakata,
akaenda kugeuza mahamri.

Nikainama, nikapangua makumbi kwa vidole.
Macho manne. Mekundu.
Nikayafunika tena, taratibu,
nikaisogeza ndoo.